Mkojo unatoka kwenye kuruka kamba, miezi mitano baada ya kujifungua

MwalimuWaKamba:
Habari zenu. Nina darasa la mazoezi ya jioni la kina mama. Mmoja ana miezi mitano tangu ajifungue mtoto wa pili, kwa njia ya kawaida, na ananyonyesha. Akitembea au kuchuchumaa hana shida. Kwenye kamba, akifika mruko wa thelathini hivi, mkojo unatoka mpaka taiti inalowa. Kegel (mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga) anasema anafanya kila siku, na maji ameacha kunywa kuanzia saa nane mchana. Nimtoe kwenye kuruka? Na je, abane muda wote anaporuka?

FizioNyonga:
Hiyo "thelathini hivi" ndiyo ya kushika. Anayevuja mruko wa kwanza, mara nyingi misuli yake ni dhaifu au inachelewa kukaza. Anayevuja wa thelathini, misuli inafanya kazi ila inachoka upesi.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kama machela kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu. Ndiyo inayobeba kibofu na kusaidia kuufunga mrija wa mkojo. Kila anapotua, msukumo wa tumbo unaishukia. Ukiikaza dakika nzima unaichosha mapema zaidi, kwa hiyo kubana muda wote hapana. Kubana kabla kunafaa kwa tendo moja: kukohoa, chafya, kunyanyua ndoo. Bana, nyanyua huku unatoa pumzi, achia.

Halafu hiyo Kegel, muulize anaifanyaje. Alale chali, magoti yamekunjwa. Avute kama anayezuia ushuzi, mvuto uendelee mbele kama anayezuia mkojo. Kitu kipande ndani. Makalio na mapaja yatulie, pumzi iendelee. Ashike sekunde 6 hadi 8, aachie kabisa kwa muda uleule, mara 8 hadi 12, kutwa mara tatu. Kisha aongeze 10 za harakaharaka, maana kutua ni jambo la mara moja. Akizoea, azifanye amesimama. Hakuna anayeruka kamba amelala. Aipe miezi mitatu kabla ya kusema haisaidii.

Kosa baya ni kusukuma chini kama anayekwenda haja kubwa. Akijipima kwa kidole kisafi ukeni, kidole kibanwe na kuvutwa juu. Kikisukumwa nje, anafanya kinyume, na bidii yake yote inamrudisha nyuma. Pia asikate mkojo katikati kila akienda msalani. Kujaribu mara moja ili auone msuli ni sawa. Ukifanya ndiyo mazoezi, kibofu kinajifunza kutomaliza.

MkungaPwani:
Maji ayarudishe, mwalimu, tena ananyonyesha. Mkojo uliokolea unakikera kibofu. Apunguze kahawa na chai saa za kabla ya mazoezi, na akojoe mara moja tu kabla ya kuanza. Wale wa kwenda msalani mara tatu "kwa tahadhari" wanakizoeza kibofu kudai kabla hakijajaa.

Muulize na choo pia. Kukamua choo kigumu kila asubuhi kunaitesa misuli ileile. Na anajifunga tumbo? Mkaja au mkanda ukikazwa katikati, msukumo unapungukiwa pa kwenda, unashuka.

MwalimuWaKamba:
Mkanda anao! Ule wa kutoa jasho, anaukaza kwelikweli. Basi kamba nimpangieje?

FizioNyonga:
Avue mkanda kwanza, umhesabie tena. Huenda thelathini ikawa hamsini hapohapo.

Miezi mitano si mapema. Kinachosubiriwa kwa kawaida ni wiki 12. Mpime hivi: atembee dakika 30, akimbie papo hapo dakika 1, arukie mguu mmoja mara 10 kila upande. Akiwa mkavu na hasikii uzito ukeni, kamba iendelee, chini ya kiwango anachovujia. Miruko 15, apumzike nusu dakika, seti 5, siku tatu kwa wiki. Akitoka mkavu siku mbili mfululizo, ongeza mitano. Akivuja, rudi nyuma mitano, usimwambie avumilie. Atue kwa vidole vya mbele, magoti yamelegea, kamba ipite chini kwa mruko mdogo. Siku za katikati: kuinua visigino kwa mguu mmoja, na kunyanyua nyonga amelala chali kwa mguu mmoja, akijenga taratibu hadi 20 kila upande.

MkungaPwani:
Lakini usimpangie kitu kama anahisi kitu kinashuka ukeni, mkojo unaunguza au una damu, au unatiririka hata akiwa amekaa au amelala. Hiyo ya kutiririka bila kukoma inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na haitibiwi kwa Kegel. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT wanaitibu bila malipo. Aliyejifungua kwa upasuaji naye asidhani kapona: mimba yenyewe imeshailemea misuli hiyo kwa miezi tisa.

TaitiNyeusi:
Wakati anasubiri nguvu irudi: pedi za hedhi zimetengenezewa damu, inayotoka polepole. Mkojo unakuja kwa kasi, unakimbilia pembeni. Atafute pedi za mkojo za watu wazima, zile nyembamba, na avae chupi ya kubana ili pedi isicheze. Abadilishe mara tu darasa likiisha, ngozi isichubuke. Taiti iwe nyeusi au ya maua, ya kijivu inaonyesha kila tone.