Ushauri: Nafundisha Kiingereza kupitia biashara na chapa, wanafunzi hawafunguki

Kalamu Nyeusi
Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza watu wazima wa ngazi ya kati, wengi wana kazi au biashara zao. Tumeachana na kitabu cha kawaida, tunajifunza lugha kupitia mikakati ya biashara na ujenzi wa chapa (brand). Mada wameipenda sana. Tatizo, kipindi kinageuka somo la biashara: naeleza SWOT (nguvu, udhaifu, fursa na vitisho vya biashara), naeleza P nne za masoko (bidhaa, bei, mahali pa kuuzia na matangazo), wao wananakili tu. Nikisema jadilianeni, wanarudi kwenye lugha yao, na aliyebobea kwenye biashara anaongea peke yake. Mnafanyaje?

Mama Ubao
Mwalimu mwenzangu, punguza nadharia, wape uamuzi wa kufanya. Mimi hutumia kisa cha Coca-Cola cha 1985. Mwezi wa nne walibadili ladha ya kinywaji chao, wateja wakaja juu, na mwezi wa saba ladha ya zamani ikarudishwa. Huo mwisho usiwasimulie! Ishia pale malalamiko yanapomiminika, halafu uliza: ninyi ndio wakurugenzi, mnaamuaje? Hapo "If we bring back the old taste..." inawatoka kwa sababu wanaihitaji.

Ila kabla hawajaanza, weka ubaoni sentensi chache za kuanzia: za kupendekeza, za kupinga kwa adabu, za kutahadharisha. Usizifute. Mtu mzima hukimbilia lugha yake akikosa pa kuanzia, wala si uvivu.

Fundi Sarufi
Naunga mkono. Kuhusu huyo msemaji mmoja, gawa taarifa. Kwenye kisa hicho hicho, mmoja mpe matokeo ya majaribio, maana watu karibu 200,000 walionjeshwa na wengi wakaipenda ladha mpya. Mwingine mpe malalamiko ya wateja, wa tatu mpe habari za mshindani, Pepsi. Wasionyeshane karatasi. Mjuzi wako atalazimika kuuliza na kusikiliza, kwa sababu hana picha yote.

Kalamu Nyeusi
Hili la kugawa taarifa limenigusa. Na kusahihisha je? Nikimkatiza mtu, hoja inampotea.

Mama Ubao
Usimkatize. Zunguka na daftari, nakili makosa. Mwishoni andika ubaoni sentensi kadhaa bila majina, mfano "We must to protect our brand" au "They discussed about the price", wazirekebishe wao. Kisha, na hapa ndipo walimu wengi huishia njiani, warudie hoja ile ile kwa mtu mwingine. Dakika nne, halafu tatu, halafu mbili. Mara ya tatu utasikia ulimi umelainika.

Mwanagenzi
Mimi nilikuwa mwanafunzi wa darasa la namna hii. Kilichonisaidia ni kuandika habari za kazi yangu mwenyewe: namuuzia nani, mshindani wangu ananizidi wapi, mteja atakosa nini nikifunga. Nilijifunza kulinganisha vitu kwa Kiingereza nikiwa na kitu cha kulinganisha kweli.

Fundi Sarufi
Hilo ulifanye kazi ya nyumbani, mleta uzi. Darasani wasisome karatasi, waeleze kwa mdomo na wenzao waulize.

Kalamu Nyeusi
Asanteni sana. Kipindi kijacho naingia na Coca-Cola, karatasi tatu, SWOT naiweka pembeni kwanza. Nitaleta mrejesho.