Naombeni ushauri: wifi yangu anataka kufanyiwa baipasi ya tumbo

Binti_Pangani (mtoa mada): Habari za jioni wakuu. Wifi yangu ana kilo 118, urefu sentimita 160, na ana sukari. Amepangiwa gastriki baipasi mwezi ujao. Hofu yake: ngozi italegea? Matusi hapana.

Nesi_wa_Zamu: Italegea, ila hilo dogo. BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 46, vigezo anavyo. Mfuko wa tumbo hugawanywa, kikabaki kifuko cha mililita 30 hivi, kisha utumbo mdogo unaungwa hapo. Anameza dawa gani?

Mzee_Kahawa: Aache soda tu. Hela hiyo anunue bajaji.

Nesi_wa_Zamu: Mzee, kwa BMI 46 soda pekee haitoshi. Baada ya baipasi ndiyo ataiogopa: sukari inaporomokea kwenye utumbo, jasho linamtoka, moyo mbio, kisha anaharisha. Mtoa mada, dawa?

Binti_Pangani: Metformini ya sukari. Na diklofenaki ya maumivu, kidogo.

Nesi_wa_Zamu: Kidogo ndiyo ngapi?

Binti_Pangani: Asubuhi na usiku, magoti yananitesa. Ila daktari hakuuliza, na nusu ya pesa imeshalipwa. Si kuna omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni?

Jicho_la_Tatu: "Yananitesa"? Wifi kayeyuka ghafla. Wakuu, hii chai.

Mfamasia_Kijiweni: Chai au si chai, wapo wanaosoma kimya kimya. Diklofenaki, ibuprofeni na sigara huleta kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Kinavuja damu, kikizidi kinatoboka. Omeprazoli hupunguza hatari, haiifuti. Sindano ya diklofenaki nayo isikudanganye: dawa hufika kwa njia ya damu. Maumivu yapangiwe parasetamoli, na daktari aambiwe kabla ya kisu. Dozi za sukari pia zipitiwe upya, maana inaweza kushuka ndani ya siku chache. Vitamini na madini ni vya maisha: B12, D, chuma, na kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, kwa mafungu. Chuma na kalsiamu ziachane saa mbili.

Jicho_la_Tatu: Unamwandikia dozi mtu wa kutunga?

Binti_Pangani: Awe wifi, awe mimi, magoti ni yale yale. Tarehe sibadilishi. Jeli ya kupaka je?

Mfamasia_Kijiweni: Huingia kidogo sana kwenye damu. Bado daktari aijue.

Nesi_wa_Zamu: Na akisharuhusiwa nyumbani: mapigo ya moyo yakipita 120 kwa dakika, homa, au tumbo kuuma hadi begani, huenda maungio yanavuja. Arudi hospitali usiku huo huo, asingoje tarehe ya kliniki.