Dua za Mtoto wa Chuo: Gumzo la Ukoo Wetu, Tanga

Mama Mdogo (saa 2:10 usiku)
Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baba, shikamoo, na wakubwa wote mliomo humu shikamooni. Mwanangu wa miaka saba amerudi kutoka chuo cha Kurani na karatasi ya dua ambazo maalim wake anataka azihifadhi katika likizo hii: ya kula, ya kuingia chooni na kutoka, ya kulala na kuamka, ya kupanda chombo, ya kuingia nyumbani. Anazisoma zote mfululizo bila kukwama, lakini ukimwekea chakula anakirukia kama mtu ambaye hajawahi kuisikia Bismillahi. Nifanye nini ili dua hizi ziingie katika mwenendo wake?

Shangazi (saa 2:14 usiku)
Waalaykumu ssalaam wifi yangu. Usijitie wasiwasi. Sisi pale Ngamiani tulihifadhi kwanza, maana tukaijua ukubwani, na hakuna aliyeharibika. Mwache ahifadhi, kwa sababu kichwa cha mtoto hushika kuliko cha mtu mzima.

Babu Maalim (saa 2:25 usiku)
Waalaykumu ssalaam warahmatullah, na marahaba wanangu. Shangazi yenu hakukosea, kwani kuhifadhi ndiyo kazi ya chuo na mimi nimeishi kwa kazi hiyo. Lakini dua hizi hazikuja kama sura ambayo mtu huisoma tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho. Kila moja imefungamana na tendo lake, na mtoto anayezisoma zote mfululizo akiwa ameketi mkekani anajifunza ule mfululizo tu.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtoto adabu ya kula wakati mkono wa mtoto umo ndani ya chombo. Mtoto huyo ni Umar bin Abi Salama, ambaye alilelewa nyumbani kwa Mtume baada ya mama yake, Bi Ummu Salama, kuolewa naye. Anasimulia mwenyewe kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika chakula, ndipo Mtume akamwambia: “Ewe kijana, litaje jina la Mwenyezi Mungu, ule kwa mkono wako wa kulia, na ule kilicho mbele yako.” Imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, na mwishoni anasema kuwa tangu hapo huo ndio ukawa ulaji wake. Angalieni kwamba maneno ni machache, na kwamba dua na adabu vimetajwa pamoja, hiki hakikutangulizwa mwezi mmoja kabla ya kile.

Kaka (saa 2:29 usiku)
Shikamoo Babu. Hapo pa “kilicho mbele yako” ndipo wengi tunapoteleza. Katika sinia la shughuli nyama huwekwa katikati, na mwenye mkono mrefu huimaliza kabla wenzake hawajamaliza kunawa.

Babu Maalim (saa 2:33 usiku)
Marahaba mjukuu wangu, na nakufahamu kwa mkono huo. Imepokewa kutoka kwa sahaba Ibn Abbas kwamba baraka hushuka katikati ya chakula, basi watu wale kuanzia pembeni. Mpishi akiweka kitoweo katikati hajaondoa adabu. Mkubwa wa sinia ndiye mwenye kazi ya kukimega na kukigawa mbele ya kila mtu, na zamani hakuna aliyethubutu kukigusa kabla yake.

Mama Mdogo (saa 2:36 usiku)
Baba, nina jambo jingine hapo hapo. Mtoto huyu ni wa shoto tangu alipoanza kushika vitu. Anaandika kwa kushoto, anarusha mpira kwa kushoto, na tonge huanza nalo kwa kushoto mpaka nimkumbushe.

Shangazi (saa 2:38 usiku)
Mkono huo upigwe kijiko kidogo kila ukikosea, utaacha wenyewe.

Babu Maalim (saa 2:47 usiku)
Kijiko kibaki kwenye mchuzi, binti yangu. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 tangu alipokuwa kijana mdogo, naye anashuhudia kwamba hakuwahi kuambiwa “uff”, wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au kwa nini hakufanya lile. Kama kijana wa kazi alitendewa hivyo, mtoto wa miaka saba hapigwi kwa tonge.

Kula na kunywa tumeamrishwa kutumia mkono wa kulia, na hilo afundishwe bila kulegeza, kwa kuuongoza mkono wake na kumketisha karibu na mtu anayekula vizuri. Kuandika kwa kushoto kuna ubaya gani? Mwache aandike. Ama mwenye kilema au jeraha katika mkono wa kulia, huyo ana udhuru na hatuna haki ya kumtazama vibaya. Na akisahau Bismillahi akakumbuka tonge likiwa mdomoni, asiambiwe kuwa chakula kimeharibika. Aseme “Bismillahi awwalahu wa aakhirahu”, yaani kwa jina la Mwenyezi Mungu mwanzo wake na mwisho wake, aendelee kula.

Jambo moja watoto hulipenda sana, na mimi nililitumia chuoni miaka mingi. Sahaba Jabir amepokea kwamba mtu akiingia nyumbani kwake akamtaja Mwenyezi Mungu wakati wa kuingia na wakati wa kula, shetani huwaambia wenzake kuwa hapa hamna malazi wala chakula cha usiku. Mwambie hivyo jioni mkiwa mlangoni, kisha mwache yeye ndiye amfungie shetani mlango. Hutamkumbusha tena.

Mama Mdogo (saa 2:50 usiku)
Hilo nitalianza kesho, inshaallah. Kuna na jambo la kukitia chakula kasoro. Akiona mbaazi anakunja uso mpaka mpishi anajuta.

Babu Maalim (saa 2:53 usiku)
Abu Hurayra amesema kuwa Mtume hakupata kukitia chakula aibu hata mara moja. Akikipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Kwa hiyo asilazimishwe mbaazi, ila asiseme neno. Mkazo huu nautoa kwa baadhi ya watu wazima wa kikundi hiki pia, wale wanaouliza chumvi kabla ya kuonja.

Mjomba (saa 2:58 usiku)
Assalaamu alaykum Maalim, shikamoo. Mimi ndio kwanza nimepanda kutoka Deep Sea, pwani yetu ya wavuvi. Hiyo ya kupanda chombo mnamfundisha ipi? Sisi baharini tunasoma ile ya Nabii Nuhu.

Babu Maalim (saa 3:05 usiku)
Marahaba Mjomba. Zote mbili ni Kurani, na zote mbili ni zenu. “Bismillahi majraaha wa mursaaha” imo katika Surat Hud, aya ya 41, nayo ni kauli ya Nuhu alipowapandisha watu katika jahazi: kwa jina la Mwenyezi Mungu ni kwenda kwake na kutia nanga kwake. Ile nyingine imo katika Surat Zukhruf, aya ya 13 na 14: “Subhaana lladhii sakh-khara lanaa haadhaa wamaa kunnaa lahu muqriniin, wa innaa ilaa rabbinaa lamunqalibuun.” Aya iliyotangulia inataja majahazi na wanyama kwa pamoja, na wanavyuoni wameipeleka kwa kila chombo, ikiwamo bajaji ya huyo mjukuu wangu. Maana yake ni kumtakasa aliyekitiisha chombo hiki kwetu, ilhali sisi wenyewe tusingekiweza, na kukiri kwamba kwa Mola wetu tutarejea.

Shangazi (saa 3:08 usiku)
Basi dereva wa bajaji aisome akijua anachokisema. Haiwezekani mtu akiri kwamba asingekiweza chombo kwa nguvu zake, kisha akate kona ya barabara ya kumi na mbili bila kutazama, huku wazee wanavuka kwenda msikitini.

Kaka (saa 3:10 usiku)
Shangazi, ujumbe umefika, na abiria wangu wa asubuhi ni shahidi kwamba sikimbizi tena. Mimi niongeze moja niliyofundishwa kwenye basi. Mkianza kupanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto, kila mnapopanda mnasema “Allahu Akbar”, na mkiteremka mnasema “Subhaanallah”. Babu atanisahihisha.

Babu Maalim (saa 3:12 usiku)
Ni sahihi, ameipokea Jabir na imo katika Bukhari. Kwa mtoto ni nzuri kuliko zote kwa sababu njia yenyewe humkumbusha, na kona za Lushoto hazihitaji maalim.

Ya chooni nitaipitia upesi. Anaingia kwa mguu wa kushoto baada ya kusema “Allahumma innii audhu bika minal khubthi wal khabaaith”, anatoka kwa wa kulia na kusema “Ghufraanak”, na akiwa ndani hazungumzi bila haja. Adabu yake ni kuacha mahali safi kwa anayemfuata, na tuombe radhi kwa wageni wetu wa Idi iliyopita kuhusu hilo.

Shangazi (saa 3:17 usiku)
Baba, mbona katika karatasi hiyo sioni hodi? Kwetu sisi hodi ilikuwa somo la kwanza. Siku hizi watoto wanaingia nyumba za watu mpaka uvunguni.

Babu Maalim (saa 3:30 usiku)
Umesema kweli, na hapo ndipo karatasi za dua zinapopungukiwa, kwani zinaandika maneno na kuacha mwenendo wake. Surat Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Ruhusa huombwa mara tatu, na usipoitikiwa unarudi bila kinyongo na bila kuchungulia dirishani. Mtume alipokwenda mlangoni kwa watu hakuukabili mlango uso kwa uso. Alisimama upande wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa milango ya wakati huo haikuwa na mapazia. Nyumba zetu nyingi zinafunguka moja kwa moja barazani, kwa hiyo adabu hiyo inatuhusu hasa.

Na ukiulizwa “nani?”, taja jina lako. Jabir alikwenda kwa Mtume kuhusu deni la baba yake, akabisha, akaulizwa ni nani, akajibu “mimi”. Mtume akasema, “Mimi, mimi!” kana kwamba hakulipenda jibu hilo. Nusu ya mtaa wetu hujibu hivyo hivyo, kisha hukasirika wasipofunguliwa.

Ndani ya nyumba pia ipo hodi. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inataka hata watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri mnapovua nguo, na baada ya swala ya isha. Mama Mdogo, mtoto wako wa miaka saba ameingia katika aya hii.

Mama Mdogo (saa 3:34 usiku)
Nimefahamu, Baba. Nikiwa hapo kwenye majirani, Jumapili tuna hitima, na jirani wa ukuta mmoja nasi ni Mkristo. Mwanangu ameniuliza kama ni sawa yeye mwenyewe kumpelekea sahani ya pilau, nami nikamjibu ndiyo, ila mgeni aliyekuwapo hapa alisema kuwa chakula cha hitima ni cha Waislamu tu.

Babu Maalim (saa 3:41 usiku)
Umemjibu vyema, na mgeni wako aelezwe kwa upole. Abdullah bin Amr alichinjiwa kondoo nyumbani kwake, na aliporudi aliuliza: “Je, mmempelekea jirani yetu Myahudi?” Akaeleza kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba Jibrili hakuacha kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atamfanya kuwa mrithi. Abu Dharr naye aliusiwa kwamba akipika mchuzi auzidishe maji, kisha awaangalie majirani zake. Apeleke sahani mtoto, tena aifunike, apige hodi, ataje jina lake.

Na nitawaambia jambo ambalo mimi hulirudia mno watu wanaponisifia mtu kwa wingi wa nyiradi zake, yaani dhikri anazozisoma kila siku. Mtume alielezwa habari za mwanamke anayeswali usiku, anayefunga mchana na kutoa sadaka, lakini anawaudhi majirani kwa ulimi wake, akasema kuwa hana kheri, naye ni wa motoni. Akatajiwa mwingine anayeswali zile za faradhi na kutoa vipande vya jibini kavu, wala hamuudhi mtu, akasema kuwa huyo ni wa peponi.

Shangazi (saa 3:44 usiku)
Hiyo ya ulimi naipokea mwenyewe kabla sijatajiwa. Jumapili nitakuja mapema kusaidia kupakua, na sahani ya jirani nitaipakua mimi.

Kaka (saa 3:47 usiku)
Babu, samahani kwa swali la mwisho kwa upande wangu. Mtu ambaye Kiarabu hakimkai mdomoni, anaweza kuomba kwa Kiswahili?

Babu Maalim (saa 3:51 usiku)
Ndani ya swala fuata ulivyofundishwa. Nje ya swala, mwombe Mola wako kwa lugha unayolilia nayo, wala usione haya. Hizi zilizopokewa jifunze kidogo kidogo pamoja na maana zake, kwa kuwa ni maneno ya Mtume mwenyewe na ni mafupi.

Dada (saa 3:58 usiku)
Assalaamu alaykum, shikamoo Babu, shikamooni nyote. Nimesoma yote nikiwa njiani kuelekea zamu ya usiku wodini. Sisi wauguzi tunalala mchana. Nikilala saa tatu asubuhi, je, nasoma dua zile zile? Na ninapopita kwa mgonjwa, lipo neno fupi la kumwambia bila kumchosha?

Babu Maalim (saa 4:06 usiku)
Waalaykumu ssalaam, na marahaba mjukuu wangu. Dua za usingizi zinasomwa kwa kulala na kuamka, saa yoyote. Lala kwa ubavu wa kulia useme “Bismika Allahumma amuutu wa ahyaa”, na ukiamka useme “Alhamdulillahi lladhii ahyaanaa baada maa amaatanaa wa ilayhin nushuur”. Ukiwa na nafasi, kusanya viganja vyako, usome Ikhlasi, Falaki na Naas, uvipulizie na kujipangusa mwili, mara tatu, kama alivyosimulia Bi Aisha.

Kwa mgonjwa, Mtume alikuwa akisema “Laa ba'sa, tahuurun in shaa Allah”, yaani hapana neno, ni utakaso inshaallah. Mgonjwa Mwislamu mwenye maumivu mwambie aweke mkono wake mahali panapouma, aseme “Bismillahi” mara tatu, kisha mara saba “Audhu billahi wa qudratihi min sharri maa ajidu wa uhaadhir”. Hiyo Mtume alimfundisha Uthman bin Abil-Aas. Dawa yake mpe kwa wakati wake kama kawaida.

Dada (saa 4:09 usiku)
Ahsante Babu. Naingia wodini sasa, simu naizima.