Pembetatu uwanjani: je, ni za soka pekee?

Mdau wa Ngamiani: Wadau, salaam. Kila nikitazama mechi hapa Tanga, uwanjani Mkwakwani, naona mwenye mpira akisaidiwa na wenzake wawili walio pande tofauti, hata timu iwe na mfumo gani. Je, umbo hilo limo katika michezo yote ya timu?

Kocha wa Chumbageni: Limo kwingi, ndugu yangu. Chicago Bulls walijenga mashambulizi yao ya kikapu juu ya pembetatu, kwa kuwa ni vigumu mlinzi mmoja kuziba njia mbili za pasi. Katika soka, mtazame kiungo anaposhuka kupokea mpira: beki akimfuata, nyuma panabaki uwazi, asipomfuata, kiungo anageuka na kulikabili goli.

Mwalimu Bi. Raskazone: Sheria nazo huumba maumbo, kaka zangu. Mwaka 1925, sheria ya kuotea ilipopunguza wapinzani wanaotakiwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli kutoka watatu hadi wawili, Herbert Chapman, kocha wa Arsenal ya Uingereza, alimrudisha kiungo wa kati awe beki wa tatu. Katika raga, ambako mpira haurushwi mbele kwa mkono, wapokeaji hujipanga mshazari nyuma ya mwenye mpira.

Mdau wa Ngamiani: Ahsanteni. Jumamosi nitamwangalia huyo kiungo.