Kikokotoo: mwalimu anayestaafu kwa hiari na miaka 55 anapata kiasi gani hasa, na je ni kweli anakula kodi ya wengine?

Mlango wa Nyuma

Wakuu salaam.

Kila pensheni ya walimu inapotajwa, watu wanagawanyika. Walimu wanasema kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kimewamaliza. Wakulima, bodaboda na mama ntilie wanajibu kwamba mwalimu anaondoka kazini na miaka 55 akiwa bado na nguvu zake, anapewa mamilioni ya mkupuo (malipo ya mara moja) na hela ya kila mwezi hadi kufa, halafu bado analalamika mbele ya watu ambao uzeeni hawatapata hata shilingi. Hasira zipo kweli pande zote mbili, lakini hesabu haiwekwi mezani.

Naomba wenye ujuzi waiweke. Tuchukue mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, Tanzania Bara. Zamani alikuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, sasa yuko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma uliochukua nafasi yake. Ana miezi 360 ya utumishi. Kwa miaka miwili mshahara wake ulikuwa 900,000, kisha akapanda daraja na mwaka huu wa mwisho analipwa 1,200,000. Ametimiza miaka 55 na anataka kuondoka. Anapata nini? Angepata nini kwa kikokotoo cha zamani? Na hiyo hela inatoka mfuko gani?

Hesabu Tupu

Mkuu, wengi wanabishania asilimia ya mkupuo peke yake. Asilimia ni kipande kimoja tu. Kikokotoo kina namba nne, na zote nne zilibadilika.

Ya kwanza ni mshahara unaotumika. PSPF ilitumia mshahara wa mwisho. Sasa ni wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi ndani ya miaka 10 kabla ya kustaafu. Ya pili ni kigawanyo: zamani miezi yako iligawanywa kwa 540, sasa ni kwa 580. Ya tatu ni kizidisho cha mkupuo, ambacho kilikuwa 15.5 na sasa ni 12.5. Ya nne ndiyo hiyo asilimia: PSPF na LAPF (mfuko wa serikali za mitaa) walikuwa 50, mifuko mingine 25. Kuanzia Julai 2022 wote wakawekwa kwenye 33, kisha bajeti ya 2024/25 ikawapandisha waliotoka kwenye 50 hadi 40, na waliotoka kwenye 25 hadi 35. Mwalimu wako katoka PSPF, kwa hiyo ni 40.

Tuanze na wastani. Miezi 24 kwa 900,000 ni 21,600,000. Miezi 12 kwa 1,200,000 ni 14,400,000. Jumla ni 36,000,000, ukigawa kwa miezi 36 unapata 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka.

Pensheni kamili ya mwaka: 360 ÷ 580 × 12,000,000 = 7,448,276.
Mkupuo: 7,448,276 × 12.5 × 40% = 37,241,379.
Kila mwezi: 7,448,276 × 60% ÷ 12 = 372,414.

Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF mtu huyohuyo angehesabiwa mshahara wa mwisho, 14,400,000 kwa mwaka:

360 ÷ 540 × 14,400,000 = 9,600,000.
Mkupuo: 9,600,000 × 15.5 × 50% = 74,400,000.
Kila mwezi: 9,600,000 × 50% ÷ 12 = 400,000.

Mkupuo umepungua nusu, na ya kila mwezi nayo imeshuka. Hapo ndipo uchungu wa walimu ulipo, na mtu asiyejua kilichotokea kwenye 540 na 15.5 hawezi kuuelewa.

mchambuzi_kimya

Lakini maelezo yaliyotolewa ni kwamba kilichopungua kwenye mkupuo kinarudi polepole kwenye malipo ya mwezi. Si ndiyo mantiki ya pensheni, imlinde mtu asimalize hela mwaka wa kwanza?

Hesabu Tupu

Hoja ya kumlinda mzee ni nzuri na mimi naiunga mkono. Ila tuipime.

Sahau tofauti ya mshahara wa mwisho, tuseme vikokotoo vyote viwili vinatumia 1,000,000. Cha zamani kinatoa mkupuo 62,000,000 na 333,333 kwa mwezi. Cha sasa kinatoa 37,241,379 na 372,414. Umepoteza 24,758,621, unarudishiwa 39,081 kila mwezi. Gawanya: ni miezi 633, karibu miaka 53. Mtu wa miaka 55 atakuwa na 108 ndipo afidiwe. Kwa hiyo sehemu kubwa hairudi. Imepunguzwa moja kwa moja.

Ndani ya kikokotoo cha sasa, hapo ndipo maelezo yao yanasimama. Linganisha 33 na 40 kwa mwalimu huyuhuyu. Kwa 33 angepata mkupuo 30,724,138 na 415,862 kwa mwezi. Kwa 40 mkupuo unaongezeka 6,517,241 na mwezi unapungua 43,448. Ukigawa ni miezi 150 kamili, yaani miaka 12 na nusu. Hiyo 12.5 ndiyo kizidisho chenyewe. Maana yake anayestaafu na 55 akaishi zaidi ya miaka 67 na nusu atakuwa amepata kidogo zaidi kwa jumla kuliko kama angebaki kwenye 33. Nyongeza ya 2024 ilipokelewa kama ushindi, na kwa mwenye nyumba isiyoezekwa au ada za chuo ni nafuu ya kweli, lakini sehemu yake inakatwa kwenye pensheni yake mwenyewe ya kila mwezi. Walimu waambiwe hilo waziwazi.

Mkulima wa Igurusi

Sawa, tumeona maumivu ya mwalimu. Mie nauliza upande wa pili. Milioni 37 na laki tatu na sabini kila mwezi, mkulima wa mpunga hazioni. Nani anazilipa?

Daftari la Mizania

Swali la haki kabisa, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kila mwezi mwalimu anakatwa 5% ya mshahara na mwajiri anaweka 15%. Kwa mshahara wa 1,000,000 ni 50,000 yake na 150,000 ya mwajiri. Mwajiri ni serikali, kwa hiyo ndiyo, hiyo 15% asili yake ni kodi, kama ulivyo mshahara wenyewe. Ni sehemu ya ujira wa kazi iliyofanyika darasani, ila inalipwa baadaye. Kuiita sadaka ni kosa.

Sehemu ya pili haisemwi sana. Mpango wa kuchangia kwa watumishi wa serikali ulianza Julai 1999. Kabla ya hapo hakuna aliyekatwa kitu. Pensheni ilitoka hazina moja kwa moja. Mwalimu wa mfano wetu akiwa ameanza Julai 1995, miezi 48 ya mwanzo inahesabiwa kwenye 360 zake lakini haikuwekewa mchango. PSPF ikaanza kuwalipa watu wa aina hiyo kwa hela ya wanaochangia sasa, huku deni la serikali la miaka hiyo likiongezeka. Desemba 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF kwa ajili ya deni hilo.

Ndiyo maana mfuko ulilegea, na ndiyo maana zikaja 580 na 12.5. Mifuko minne, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa Agosti 2018 kuwa PSSSF. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za kumpa kila mtu mkupuo wa 25%. Walimu na watumishi wengine walipiga kelele, na Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha na kurudisha vikokotoo vya zamani kwa kipindi cha mpito. Tatizo la fedha halikuondoka, ndipo ikaja 33 ya 2022.

Kwa hiyo mkulima ana hoja kwamba kodi imo. Mwalimu naye ana hoja kwamba shimo hakulichimba yeye. Wanaogombana kijiweni ni watu wawili ambao hakuna kati yao aliyeacha kupeleka michango. Na dawa ya mkulima haipatikani kwa kumnyang'anya mwalimu. Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi mwanzoni. Ni kidogo, lakini hasira za Bara zingefaa zielekezwe kwenye kudai kitu cha namna hiyo.

Mlango wa Nyuma

Nashukuru sana, hili la kabla ya 1999 ni geni kwa wengi. Sasa la vitendo: mwalimu huyu aondoke na 55 au asubiri?

Hesabu Tupu

Asiondoke mwaka huu. Kapanda daraja mwaka mmoja tu uliopita, na miaka miwili ya 900,000 bado inamvuta chini.

Akikaa miezi 24 zaidi kwa mshahara uleule wa 1,200,000, wastani wake unakuwa 1,200,000 kamili na miezi inafika 384. Hesabu: 384 ÷ 580 × 14,400,000 = 9,533,793. Mkupuo 47,668,966, mwezi 476,690. Yaani miaka miwili inamwongezea zaidi ya milioni 10 kwenye mkupuo na 104,276 kila mwezi maisha yake yote, mbali na mishahara atakayokuwa amepokea. Akienda hadi 60 bila nyongeza yoyote: miezi 420, mkupuo 52,137,931, mwezi 521,379.

Kanuni ya kukumbuka: usistaafu kabla ya kumaliza miaka mitatu tangu kupanda daraja mara ya mwisho, kama umri unaruhusu. Enzi za PSPF daraja la mwezi wa mwisho lilibeba kila kitu. Sasa halibebi. Ndiyo maana miaka ile ya baada ya 2016, upandishaji madaraja uliposimama, imewaumiza walimu mara mbili: kwenye mshahara, kisha kwenye wastani.

Faili la Kijani

Naongeza upande wa makaratasi, maana hesabu nzuri inaweza kukwama miezi kadhaa kwa herufi moja.

Kustaafu kwa hiari ni kuanzia 55, kwa lazima ni 60. Anayetaka kwa hiari anaandika barua miezi 6 kabla ya tarehe anayotaka, ipite kwa mwalimu mkuu. Kwa mwalimu, kibali cha kustaafu kinashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu kupitia ofisi yake ya wilaya, na mkurugenzi wa halmashauri ndiye mwajiri anayepeleka madai PSSSF. Usiache kufundisha kabla kibali hakijakufikia mkononi. Ukiondoka mapema unahesabiwa mtoro.

Andaa nakala za barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja, za uhamisho kama upo, hati ya karibuni ya mshahara, kitambulisho cha NIDA na taarifa za akaunti ya benki. Barua ya kuthibitishwa ndiyo inayopotea mara nyingi, hasa kwa waliohama halmashauri zaidi ya moja. Itafute ungali kazini, maana masijala ikiikosa kwenye faili utaanza kufuata nakala wilaya uliyotoka zamani.

Kagua michango kwenye PSSSF Kiganjani, huduma ya mtandaoni ya mfuko, mwezi kwa mwezi. Linganisha na mstari wa makato kwenye hati ya mshahara. Mwezi uliorukwa kwenye taarifa ya mfuko unatoka kwenye 360 zako, na kila mwezi mmoja kwa mwalimu wa mfano huu una thamani ya 103,448 kwenye mkupuo na 1,034 kila mwezi.

Majina sasa. Barua ya ajira inasema Mwanaidi J. Hamisi, NIDA inasema Mwanaidi Juma Khamis. Kwa mfumo hao ni watu wawili. Anza na hati ya kiapo na marekebisho mwaka mzima kabla. Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi, kwa sababu inayotambulika ni ile uliyoandika ulipoajiriwa mara ya kwanza. Usijaribu kuibadilisha ukiwa na 54. Italeta maswali kuliko nafuu.

Na anayeacha kazi na miaka 50 akidhani ni kustaafu mapema, hapana. Huko ni kuacha kazi. Pensheni inahitaji umri pamoja na michango isiyopungua miezi 180, na fao la kukosa ajira halimhusu aliyejiondoa mwenyewe.

Mama Tausi

Mengine mawili yanayosahaulika. Mkopo wa benki: mshahara ukikoma, deni halikomi. Chukua barua ya salio kabla ya kuandika barua ya kustaafu, ulitoe kwenye hiyo 37,241,379 kwanza, halafu ndipo upange nyumba. La pili ni bima ya afya: mstaafu anaendelea na NHIF pamoja na mwenza wake, watoto wanatoka kwenye kadi. Mwenye miaka 55 mara nyingi bado ana watoto shuleni, kwa hiyo matibabu yao yaingie kwenye bajeti ya ile 372,414.

Mlango wa Nyuma

Mama Tausi, barua ya salio inatolewa na tawi lolote au lile nililokopea?

Mama Tausi

Anzia tawi ulilokopea, ndipo mkataba ulipo. Omba iandikwe salio la kulimaliza deni kwa tarehe maalumu, siyo jumla ya marejesho yaliyobaki. Jumla ya marejesho ina riba ya miezi ambayo bado haijafika, na ukilipa hiyo utakuwa umelipa zaidi.