Mpwa wangu alizimia majini, na hospitali wamesema mapafu ni mazima. Sasa ni nini?

Nahodha_Amu:

Asalaam aleikum wakuu. Nina mashua hapa Amu (Lamu), na msimu wa kaskazi hubeba vijana watano sita kwenda kuzamia kamba, wale wakubwa wa mwambani, kambakoche, upande wa Kiwayu. Mimi si mtu wa kuandika sana, lakini jambo hili limeninyima usingizi, basi naliweka hapa lilivyo.

Jumanne ya wiki jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka 19, alizimia. Pahali penyewe ni kama pima sita, maji meupe, mwamba unauona ukiwa juu. Alikuwa ameshika ubavu wa mashua, miwani usoni, anavuta na kutoa pumzi haraka haraka, fu fu fu, kama mivukuto ya mhunzi. Nikamuuliza, "We, unakimbizwa?" Akacheka: "Najaza tangi, mjomba." Akachukua pweza wake na kimia chake kidogo, akashuka. (Kwa wa bara: pweza tunamtia kwenye pango la kamba. Kamba akimwona hutoka mbio mwenyewe, nawe unamdaka.)

Alikaa. Nilihesabu mpaka nikaacha kuhesabu. Halafu nikamwona anapanda, polepole, vizuri tu, mkono mmoja umetangulia. Ilipobaki kama pima moja, ule mkono ukalegea. Hakuhangaika wala hakupiga mateke. Alielea pale kama kikoi kilichoanguka majini. Mwenzake akamrukia. Tulipompakia, midomo ilikuwa rangi ya zambarau, na pweza bado kamng'ang'ania kifundo cha mkono. Tukamvua miwani, tukampiga mashavu huku tunamwita. Akavuta pumzi moja ya kishindo, akafumbua macho, akauliza: "Kamba yuko wapi?" Hakumbuki lolote. Anasema alikuwa anajisikia raha, hata haja ya kuvuta hewa hakuwa nayo.

Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakampulizisha kile kibomba cha kupima nguvu ya pumzi, mshale ukaenda karibu na mwisho. Daktari akatania kwamba mapafu haya ni ya punda wa mashindano ya Maulidi. Tukarudi nyumbani na dawa za maumivu.

Nyumbani sasa kila mtu na lake. Bibi yake anasema mwamba ule una wenyewe, asomewe. Kijana anasema ile pumzi ya haraka aliiona kwenye simu, kuna Mzungu anakaa dakika nne chini, na eti inapanua mapafu. Mimi nimekaa katikati. Mtu mwenye mapafu mazima anazimiaje bila hata kusikia haja ya hewa? Na nikimrudisha majini, nitamwambia nini dada yangu?

Chui_wa_Faza:

Pole sana nahodha, na alhamdulillahi. Hizi video! Shemeji yangu alijifunza biriani kwa simu, tukala uji.

Muuguzi_MLD:

Nahodha, pole. Niko wodini hapa Malindi mwaka wa 12 sasa, na kisa chako nimekisikia kwa midomo tofauti zaidi ya mara moja, vingine havikuisha vizuri kama chako. Kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Wengi tunadhani haja ya kuvuta pumzi huja oksijeni inapopungua. Huja kaboni dioksidi inapozidi, ile hewa ukaa ambayo mwili huizalisha muda wote. Kwenye shina la ubongo, pale nyuma kichwa kinapokutana na shingo, kuna seli zinazoipima. Ikipanda kidogo tu unaanza kusikia dhiki, ikizidi unapapatika. Oksijeni nayo ina mlinzi wake, kinyama kidogo kama punje ya mchele kila upande wa shingo, kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mbelgiji Corneille Heymans alipata Tuzo ya Nobel ya 1938 kwa kuonyesha jinsi mishipa ya eneo hilo inavyoongoza pumzi. Lakini mlinzi huyo ana usingizi mzito. Huamka sawasawa oksijeni ikiwa imeshuka sana.

Mpwa wako hakujaza tangi lolote. Damu ya kijana mwenye afya tayari imebeba oksijeni asilimia 97 au 98 ya uwezo wake akiwa amekaa tu anakunywa chai, hakuna pa kuongeza. Alichofanya ni kumwaga hewa ukaa. Akashuka akiwa ameizima kengele kwa mkono wake mwenyewe, na huko chini oksijeni ikawa inaliwa bila mtu wa kumgutusha. Ile raha anayoisema ndiyo hiyo.

Halafu kuna kina. Pima sita ni kama mita 11. Kwenye mita 10 tu mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu, kwa hiyo hata oksijeni kidogo iliyobaki kifuani husukumwa kwenye damu kwa nguvu, na ubongo unaona mambo ni sawa. Akipanda, msukumo ule unaondoka. Ndiyo maana mkono ulilegea ilipobaki pima moja, usilegee kule chini. Wengi huzimia hapo hapo, na wengine wakiwa wameshatoa kichwa nje na hata wametabasamu. Kwa hiyo mtazame mtu nusu dakika nzima baada ya kuibuka, usigeuke kumwagia maji kamba.

Mlichofanya mashuani kilikuwa sawa: uso nje ya maji, miwani itoke, mwite kwa jina, mpulizie usoni. Asipovuta pumzi ndani ya sekunde chache, mpulizie mdomoni, msingoje ufuo.

Kitu kimoja kinanisumbua. Ana kikohozi? Kifua kinabana usiku? Maji kidogo yakiingia mapafuni yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Akiwa na lolote katika hayo, mrudishe.

Na bibi msimkatalie. Kisomo hakijamzamisha mtu.

Mzee_Mkokoni:

Naandikiwa na mjukuu, macho yangu hayasomi simu. Nimezamia tangu utoto mpaka magoti yalipokataa. Sisi tulikuwa tunavuta mara mbili kwa utaratibu, ya tatu unaifunga, bismillahi, unakwenda. Fu fu fu tulikuwa hatuijui. Ukiwa chini, tumbo litakupiga kwikwi. Kwikwi ya kwanza unaangalia kamba kwa mara ya mwisho. Ya pili unamwacha, hata awe mkubwa kama paka. Ya tatu ikukute njiani. Muulize kijana: kwikwi ilikuja? Kama haikuja, huyo muuguzi amesema kweli.

Na zamani hatukuhitaji kwenda pima sita. Maji ya bamvua yakitoka, tulikuwa tunaokota kamba tukiwa tumesimama, maji ya kiuno. Leo wamesogea chini nasi tumewafuata. Lakini pumzi yetu sisi Wabajuni ni ya ukoo, hilo hamtanitoa.

Ticha_Shela:

Shikamoo mzee. Kwikwi hiyo ni kiwambo cha chini ya mbavu kikijikaza chenyewe, hewa ukaa ikishapanda. Umeeleza vizuri kuliko kitabu changu cha kidato cha pili.

Kuhusu ukoo, kuna jambo, ila ni la Bajau, si la Bajuni, majina yasituponze. Bajau ni watu wa bahari wa Asia ya Kusini-Mashariki, wazamiaji kwa vizazi na vizazi. Mwaka 2018 Melissa Ilardo na wenzake walitoa utafiti waliofanya Indonesia, wakawapima bandama kwa mashine ya picha, ile ile ya kuangalia wajawazito. Bandama za Bajau zilikuwa kubwa kwa karibu asilimia 50 kuliko za jirani zao Wasaluan ambao ni wakulima. Na hata Bajau wasiozamia walikuwa nazo kubwa, ndipo wakajua ni jambo la kuzaliwa nalo. Bandama huhifadhi chembe nyekundu za damu. Ukizama hujikamua na kuzimwaga kwenye mzunguko. Tangi la kweli liko huko, nahodha, halijazwi kwa mdomo.

Mapafu yenyewe hayapanuki kwa video. Ukubwa wake unafuata zaidi urefu wako, umri na kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Mazoezi ya miaka yanakufundisha kuvumilia dhiki na kutumia oksijeni kwa uchumi, basi.

Mpiga_Zumari:

Nisamehewe kuchepuka. Mimi napiga zumari harusini, na mwenye kujua anajua: sauti haikatiki. Mashavu yanasukuma hewa nje huku pua inaingiza nyingine. Nilijifunza kwa kupuliza majini na mrija, bilauri ya maji, povu lisikatike. Miezi. Nikimaliza usiku mzima najikuta nashusha pumzi ndefu, moja, nyingine, mke wangu anauliza nina deni gani. Muuguzi, hiyo nayo ni kengele?

Muuguzi_MLD:

Hahaa, mwambie mkeo hakuna deni. Kila mtu hushusha pumzi, mara moja kila dakika tano hivi, hata akiwa amelala, ila hajisikii. Mapafu ni vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na vingine husinyaa na kujishika kama mfuko wa plastiki uliolowa. Pumzi moja kubwa huvifungua tena. Mwaka 2016 kikundi cha Jack Feldman na cha Mark Krasnow huko Marekani walionyesha kwa panya ni seli zipi za ubongo zinazoagiza pumzi hiyo, na zinatumiana ujumbe kwa kemikali gani. Ni seli chache tu, kama mia mbili.

Zinatuma agizo kwenye kishada kimoja cha seli kinachopiga mdundo wa pumzi yote, usiku na mchana, kama mpiga msondo. Kilitangazwa 1991, na Feldman huyo huyo alikuwemo. Jina lake ni preBötzinger, limetokana na mvinyo wa Kijerumani uliokuwa mezani kwenye mkutano wa wanasayansi. Wenye kufunga Jumatatu na Alhamisi mnisamehe.

Ninachokipenda mimi katika haya ni kingine. Mwaka 2023 watu wa chuo cha Stanford walichapisha jaribio: watu wakakaa dakika tano kila siku kwa mwezi, wakivuta pumzi mara mbili na kuitoa taratibu, ndefu. Hali yao ya moyo ilitengemaa kuliko ya waliokaa kutafakari tu. Nawafundisha kinamama wodini, wengine wananiambia walishakuwa wakifanya bila kuambiwa, wakisuka mikeka. Lakini, nahodha, nisieleweke vibaya: hiyo ni ya barazani, si ya kufanywa na mtu anayejiandaa kuzama. Kabla ya kushuka, apumue kama mtu aliyekaa anangoja boti. Basi.

Chui_wa_Faza:

Kwa hiyo kwa kifupi: kijana alikuwa sawa na mtu aliyeng'oa taa ya mafuta kwenye dashibodi kwa sababu inamuudhi.

Muuguzi_MLD:

Sijawahi kueleza vizuri hivyo. Nitaiiba.

Nahodha_Amu:

Wakuu nimerudi. Nimewasomea wote wawili, dada na kijana, juzi usiku, simu ikipita mkono kwa mkono.

Nilimuuliza kuhusu kwikwi. Akanyamaza kidogo, akasema haikuja hata moja. Nikamuuliza alipuliza mara ngapi. "Arobaini." Arobaini! Nilidhani kumi. Dada yangu akainuka akaenda jikoni, tukasikia sufuria zinawekwa kwa nguvu.

Ijumaa baada ya swala nilimkalisha barazani, mkavu, saa mkononi mwangu. Nikamwambia vuta kama mtu wa kawaida, funga. Dakika moja na sekunde 20, tumbo likaanza kumruka, unaliona kabisa chini ya fulana. Akanitazama kama mtu aliyekutana na rafiki aliyemsahau. Akataka kujaribu tena kwa ile ya fu fu fu ili alinganishe, nikamzuia.

Shekhe alikuja akasoma, kahawa ikanyweka, halua ikaliwa. Alipokuwa anavaa viatu akamuuliza mtoto, "Nani alikuwa anakutazama juu?" Bibi akasema, "Si nilisema?" ingawa hakuwa amesema hivyo.

Kazini nimebadilisha. Wanashuka kwa zamu, mmoja chini, mmoja juu amevaa miwani anatazama, na akiibuka hatoi kamba kimiani mpaka mwenzake ahesabu 30. Vijana wamenuna. Kamba wa siku ni karibu nusu ya wa kwanza, na mafuta ya mashua hayajapungua, hesabu yake naijua mimi. Mmoja amehamia mashua nyingine. Mzee wa Mkokoni, nimewaambia habari ya maji ya kiuno, wakadhani nawatungia.

Muuguzi_MLD:

Kikohozi je?

Nahodha_Amu:

Hana. Anakula, analala, anauliza habari za upepo. Miwani yake nimeifungia kwenye kasha la injini. Anajua ilipo. Hajaniomba bado.