Mfumo upi wa uokoaji uwekwe kwenye flashi kwa ajili ya kompyuta za Linux?

Swali
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatunza kompyuta za maabara ya shule, baadhi zikiwa na Debian na baadhi Fedora (matoleo ya Linux), na ningependa kuandaa flashi moja ya kuwashia mashine iliyogoma, kurekebisha GRUB (programu inayouwasha mfumo) na kuokoa faili za walimu. Kati ya SystemRescue, Grml na Clonezilla, nianze na ipi?

Jibu la 1
Anza na SystemRescue. Tangu 2019 imejengwa juu ya Arch Linux, kwa hiyo kerneli (kiini cha mfumo) na zana zake ni za karibuni, jambo lenye uzito kwako kwa kuwa Fedora ya mezani hutumia Btrfs (mfumo wa kupanga faili kwenye diski) tangu toleo la 33. Ina GParted ya kugawa diski, TestDisk ya kurejesha data iliyopotea na ddrescue ya kunakili diski mbovu, na ukichagua ipakiwe yote kwenye RAM, unaweza kuichomoa flashi na kuendelea na mashine nyingine. Clonezilla inafaa sana kunakili diski nzima, ila si ya ukarabati.

Jibu la 2
Naafiki, lakini SystemRescue haikubali Secure Boot (ulinzi unaoruhusu mifumo iliyosainiwa tu kuwaka), hivyo itakubidi uizime kwanza. Ikiwa mipangilio ya UEFI (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) imefungwa kwa nenosiri usilolijua, tumia flashi ya Debian, ambayo inaikubali Secure Boot tangu toleo la 10. Vilevile hakikisha flashi yenyewe imewaka kwa UEFI, kwa sababu ikiwaka kwa njia ya zamani ya BIOS, GRUB haitaweza kujiandikisha upya kwenye orodha ya kuwashia, hata ukiingia kwenye mfumo ulio kwenye diski kwa amri ya chroot bila kosa lolote. Kwa Fedora usitumie amri ya grub2-install kwenye mashine ya UEFI. Badala yake, sakinisha upya vifurushi vya kuwashia vya shim na grub2-efi.

Muulizaji
Nashukuru sana. Diski moja imeanza kutoa makosa ya kusoma. Niipitishe fsck (amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili)?

Jibu la 1
Hapana, tafadhali. Fsck huandika kwenye diski, na diski inayokufa haipaswi kuandikwa chochote. Inakili kwanza kwa ddrescue kwenye diski nyingine isiyopungua ukubwa wake, ukitumia chaguo la -n ili sehemu zisizoharibika zisomwe mapema, na faili ya ramani (inayoweka kumbukumbu ya sehemu zilizokwisha kusomwa) uihifadhi nje ya RAM ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Fsck iendeshe kwenye nakala tu.